Uyoga katika chakula cha kuku wa nyama: manufaa yake na mipaka yake

Wafugaji wa kuku wa nyama katika kata zetu wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, ni kweli kwamba uyoga uliokaushwa na kusagwa unaweza kuchanganywa katika chakula cha kuku na kuwafanya wakue vizuri bila kutegemea dawa? Wapo waliosikia kwamba unga huo hutibu mdondo. Wapo pia walioambiwa kwamba unaweza kuchukua nafasi ya dagaa na mashudu, na hivyo kupunguza gharama za chakula kwa kiasi kikubwa.

Makala haya yanakusudia kutenganisha ukweli na uvumi ili mwananchi afanye uamuzi akiwa na taarifa sahihi. Kwa ufupi, uyoga unaoliwa na binadamu ni kiongeza cha asili ambacho kinaweza kumfaa kuku kikitolewa kwa kiasi kidogo, kikiwa safi na kikiwa kimekaushwa ipasavyo. Hata hivyo, uyoga si chakula kamili, si chanjo na si dawa. Mfugaji anayeuelewa hivyo anaweza kunufaika nao. Anayeutegemea kupita kiasi anaweza kupoteza banda zima.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sote

Kuku wa nyama ni ndege aliyechaguliwa kizazi kwa kizazi ili akue kwa kasi. Kifaranga anayefika bandani akiwa na uzito wa gramu 40 hivi hufikia kilo 2 au zaidi katika wiki 5 hadi 6 akipewa chakula bora. Kasi hiyo ndiyo faida ya mfugaji, na ndiyo pia hofu yake: ugonjwa ukiingia bandani, hakuna muda wa kufidia hasara kabla ya siku ya kuuza. Kutokana na hofu hiyo, baadhi ya wafugaji huweka viuavijasumu, yaani dawa za antibiotiki, katika maji ya kunywa tangu siku vifaranga wanapofika, ilhali hakuna hata mmoja anayeumwa.

Desturi hiyo haikuanzia kwetu. Kwa miongo kadhaa nchi nyingi zilichanganya viuavijasumu kwa viwango vidogo katika vyakula vya mifugo ili kuharakisha ukuaji. Uswidi ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ulikamilisha katazo kama hilo tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohimiza kuacha kuwapa wanyama wenye afya viuavijasumu ambavyo ni muhimu kwa tiba ya binadamu. Mwaka huohuo Tanzania nayo ilianza utekelezaji wa mpango kazi wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa kipindi cha 2017 hadi 2022.

Sababu ya hatua hizo si ngumu kuielewa. Dawa ikitolewa kidogo kidogo kila siku, bakteria dhaifu hufa, lakini wale wenye uwezo wa kuihimili hubaki na kuzaana. Bakteria hao hawaishii bandani. Hutoka kupitia mbolea, maji machafu, mikono ya mhudumu na nyama isiyoiva vizuri. Siku mtoto wa jirani anapopata maambukizi, dawa iliyozoeleka katika zahanati inaweza kushindwa kumponya, ingawa mtoto huyo hajawahi kukanyaga bandani. Hapo ndipo chakula cha kuku wa mtu mmoja kinapogeuka kuwa suala la afya ya kata nzima.

Kwa hiyo utafutaji wa njia mbadala una msingi. Uyoga ni mojawapo ya viongeza vya asili ambavyo watafiti wamevijaribu, sambamba na vitunguu saumu, bizari na bakteria rafiki wa tumbo.

Kilichomo ndani ya uyoga

Uyoga mbichi ni maji kwa takriban sehemu tisa katika kumi. Ndiyo maana kilo 10 za uyoga mbichi, zikikaushwa barabara, hubaki kilo 1 hivi. Katika kilo hiyo moja kavu ya uyoga mamama, ambao ndio unaolimwa zaidi na vikundi vyetu, mna protini, madini, vitamini za kundi B, nyuzinyuzi na viambato vinavyopunguza uharibifu wa chembe za mwili.

Kiambato kinachowavutia zaidi watafiti wa mifugo ni aina ya wanga iitwayo betaglukani, iliyomo katika kuta za chembe za uyoga. Kuku hana vimeng'enya vya kuuyeyusha wanga huo. Kwa hiyo hupita tumboni bila kumpa nguvu nyingi kama mahindi yanavyofanya. Faida yake ni ya namna nyingine: chembe za kinga zilizopo katika utumbo huitambua betaglukani kama dalili kwamba kuna kuvu karibu, nazo huamka na kujiweka tayari. Aidha, sehemu ya nyuzinyuzi za uyoga huwa chakula cha bakteria rafiki waishio utumboni, na bakteria hao wakistawi huwabana wale waletao maradhi.

Zipo pia hesabu mbili zinazowapotosha wengi. Ya kwanza ni ya protini. Vipimo vya kawaida vya maabara hupima naitrojeni yote iliyomo katika chakula, kisha huikadiria kana kwamba yote imetokana na protini. Katika uyoga, sehemu ya naitrojeni hiyo imo katika kaitini, dutu ngumu inayopatikana pia katika maganda ya wadudu na kaa. Kwa sababu hiyo protini inayomfaa kuku ni ndogo kuliko tarakimu inayotajwa, na uyoga hauwezi kuchukua nafasi ya soya, dagaa wala mashudu ya alizeti.

Ya pili ni ya vitamini D. Ni kweli kwamba uyoga ukianikwa juani hutengeneza vitamini D. Lakini inayotengenezwa ni ile ya aina ya D2, ambayo mwili wa kuku huitumia kwa kiwango kidogo sana ukilinganisha na D3 inayowekwa katika premiksi. Mfugaji akiiacha premiksi kwa kutegemea uyoga, vifaranga wanaweza kupata udhaifu wa mifupa na kulemaa miguu.

Majaribio yameonyesha nini

Majaribio ya kuwalisha kuku wa nyama unga wa uyoga yamefanyika katika nchi mbalimbali, zikiwemo Ugiriki, Iran na Marekani. Aghalabu watafiti walichanganya gramu 10 hadi 20 za unga katika kila kilo moja ya chakula, wakitumia uyoga wa aina tofauti: uyoga mweupe wa vifungo, uyoga mamama na shitake.

Matokeo hayakufanana. Katika baadhi ya majaribio kuku walikua vizuri zaidi, walitumia chakula kwa ufanisi zaidi na utumbo wao ulionekana kuwa na bakteria rafiki wengi. Katika majaribio mengine hapakuwa na tofauti ya uzito. Yapo pia ambamo kiasi kikubwa zaidi kilipunguza kasi ya ukuaji wa vifaranga wachanga, jambo ambalo si la kushangaza kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi huujaza utumbo mdogo wa kifaranga bila kumpa nguvu anayoihitaji.

Funzo tunalolipata ni moja: kuongeza kiasi hakuongezi manufaa. Isitoshe, banda chafu lenye msongamano haliwezi kuokolewa na unga wowote.

Uyoga upi utumike

Tumia uyoga uliolimwa tu. Msimu wa mvua za kwanza, misitu yetu ya miombo na vichuguu hutoa uyoga wa aina nyingi, na wazee wetu wanaufahamu mwingi kwa majina. Hata hivyo, uyoga wenye sumu huweza kufanana sana na ule unaoliwa. Baadhi ya sumu zake, hususan zile zinazoshambulia ini, haziharibiki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Ukishasagwa, hakuna awezaye kuutambua tena. Haifai kumjaribia kuku uyoga wa porini kwa hoja kwamba "ni kuku tu", kwa maana kuku huyo atapelekwa mezani.

Usitumie uyoga uliooza au ulioota ukungu. Ingawa uyoga wenyewe ni jamii ya kuvu, kuvu si wa aina moja. Ukungu unaoota juu ya nafaka na vyakula visivyokauka huweza kutengeneza sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuku wa nyama nao huathirika: ini huharibika, ukuaji hudumaa na kinga hushuka. Mfugaji aliyetaka kuimarisha kinga kwa uyoga anaweza kuibomoa kwa uyoga huohuo akiuhifadhi vibaya.

Usitumie uyoga uliopuliziwa viuatilifu dhidi ya nzi na wadudu. Vilevile, usiwalishe kuku wa nyama mabua au makapi yaliyobaki kwenye mifuko baada ya mavuno. Mabaki hayo yana nyuzinyuzi nyingi mno, na mara nyingi huwa yameingiwa na ukungu wa kijani. Nafasi yake nzuri ni shimo la mboji, na bustani itafaidika.

Sehemu inayofaa zaidi kiuchumi ni ile isiyopata mnunuzi: mashina magumu yanayokatwa wakati wa kufungasha, vipande vilivyovunjika, na uyoga mzima uliobaki bila kuuzwa siku ya mavuno, ukiwa bado haujaharibika.

Namna ya kuandaa unga

1. Chambua siku ileile ya mavuno. Ondoa mabua yaliyoshika kwenye mashina na utupe kila kipande chenye utelezi, harufu mbaya au madoa ya ukungu.

2. Osha haraka kwa maji safi yanayotiririka. Usiloweke, kwa kuwa uyoga hufyonza maji na huchelewa kukauka.

3. Kata vipande vyembamba. Mashina magumu yapasuliwe kwa urefu.

4. Anika juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini, na ufunike kwa chandarua ili kuzuia nzi na vumbi. Kikaushio cha jua ni bora zaidi. Siku za mawingu usianze kazi hii, kwani uyoga unaokaa na unyevu usiku kucha huanza kuharibika.

5. Pima ukavu kwa mkono. Kipande kilichokauka huvunjika na kutoa mlio. Kikipinda bila kuvunjika, bado.

6. Saga na chekecha. Funika pua na mdomo kwa barakoa, kwa sababu vumbi na mbegu za uyoga huweza kusababisha kikohozi na mzio.

7. Hifadhi katika chombo kikavu kisichopitisha hewa, mbali na jua na sakafu. Andika tarehe. Unga ukishikana mabonge au ukibadilika harufu, utupwe.

Kiasi na uchanganyaji

Kwa mfugaji anayeanza, busara ni kutumia gramu 5 za unga kwa kila kilo moja ya chakula, na kutozidi gramu 10. Kwa mfuko wa kilo 50, hiyo ni gramu 250, na kiwango cha juu ni gramu 500. Vifaranga wapewe chakula chao cha kuanzia bila uyoga katika wiki ya kwanza, kisha waanzishwe taratibu.

Usimwage unga wote juu ya mfuko na kukoroga. Changanya kwanza unga na kilo 1 ya chakula hadi rangi ilingane. Mchanganyiko huo uchanganye na kilo 5, kisha na chakula kilichobaki. Kwa njia hiyo kila kuku hupata sehemu yake, na hakuna anayejaza tumbo kwa uyoga mtupu. Changanya chakula cha siku chache tu kwa wakati mmoja.

Pima kwa mizani. Kijiko cha nyumba moja si kijiko cha nyumba nyingine.

Je, inalipa?

Kuku mmoja wa nyama hula takriban kilo 3 hadi 4 za chakula hadi anapouzwa. Kuku 100 basi hula kilo 350 hivi. Ukitumia gramu 5 kwa kilo, utahitaji takriban kilo 1.75 za unga, ambazo hutokana na kilo 17 hadi 18 za uyoga mbichi. Katika masoko mengi, kilo moja ya uyoga mbichi huuzwa kwa bei kubwa kuliko kilo moja ya chakula cha kuku. Ni dhahiri kwamba anayenunua uyoga sokoni ili awalishe kuku anaweza kujikuta akilipa zaidi ya anachokipata.

Njia ya kupata jibu la uhakika ni kufanya jaribio dogo nyumbani. Gawa kuku wa umri mmoja katika makundi mawili yenye idadi sawa, nafasi sawa na vyombo sawa. Kundi moja lipewe chakula cha kawaida, jingine chakula hichohicho kilichoongezwa uyoga. Pima chakula unachotoa, na kila wiki pima uzito wa kuku 10 kutoka kila kundi bila kuchagua wakubwa. Mwishoni, gawanya jumla ya kilo za chakula kwa kilo za uzito ulioongezeka. Tarakimu ndogo zaidi ndiyo bora.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kuku 50 wasiopewa uyoga wamekula kilo 165 na kuongezeka kilo 90. Uwiano ni 1.83. Kuku 50 waliopewa uyoga wamekula kilo 160 na kuongezeka kilo 90 pia. Uwiano ni 1.78. Mfugaji ameokoa kilo 5 za chakula, lakini ametumia gramu 800 za unga, sawa na kilo 8 za uyoga mbichi. Kama kilo hizo 8 zilikuwa mashina ambayo yangetupwa, amepata faida, alimradi ahesabu pia muda wa kukausha na gharama ya kusaga. Kama alizinunua, amepata hasara. Aidha, tofauti ndogo kama hiyo yaweza kutokea kwa bahati. Hivyo jaribio lirudiwe kwa makundi mawili au matatu ya kuku kabla ya kufikia uamuzi.

Kwa sababu hiyo, ushauri huu unawafaa zaidi wanaolima uyoga na kufuga kuku kwa pamoja, au wafugaji walio jirani na kikundi cha uyoga chenye mabaki safi.

Mambo ambayo uyoga hauwezi kuyafanya

Uyoga hautibu mdondo. Ugonjwa huo husababishwa na virusi na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo. Kwa kawaida kuku wa nyama huchanjwa dhidi ya mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, na mdondo tena siku ya 21, ingawa mtaalamu anaweza kurekebisha ratiba kulingana na hali ya eneo. Chanjo ihifadhiwe kwenye ubaridi tangu dukani hadi bandani.

Uyoga haukaushi matandiko. Maranda yenye unyevu ndiyo makazi ya vimelea vya kuhara damu. Yageuzwe mara kwa mara, na yaliyolowa yaondolewe siku hiyohiyo. Vyombo vya maji vioshwe kila siku, na banda lipewe hewa ya kutosha.

Uyoga hauchukui nafasi ya tiba pale kuku wanapougua. Ukiona wamezubaa, wanakohoa, wanaharisha au wanakufa, mwite mtaalamu wa mifugo apime na kuamua. Akiagiza kiuavijasumu, toa kiasi kamili kwa siku zote alizoelekeza, kisha heshimu muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo kabla ya kuchinja au kuuza. Lengo la kupunguza viuavijasumu si kumwacha mnyama ateseke, bali kuhakikisha kwamba dawa inatumika pale tu inapohitajika, ili iendelee kufanya kazi.

Huduma zinazopatikana

Mfugaji anayetaka kuanza amwone Ofisa Ugani wa Mifugo katika ofisi ya kata yake kwa ushauri wa chanjo, uchanganyaji wa chakula na uwekaji wa kumbukumbu. Wanaotaka kulima uyoga wamwone Ofisa Ugani wa Kilimo, hasa kuhusu upatikanaji wa mbegu bora na namna ya kuchemsha mabua kabla ya kupanda.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyofikiria kuunganisha miradi hii miwili vinaweza kuuliza Idara ya Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Andiko la mradi lionyeshe soko la uyoga na soko la kuku kila moja peke yake. Unga wa mashina uhesabiwe kama nyongeza, usiwe nguzo ya mradi.

Anayekusudia kutengeneza chakula chenye uyoga kwa ajili ya kuwauzia wengine atambue kwamba biashara ya vyakula vya mifugo inasimamiwa na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Afike kwanza katika ofisi ya mifugo ya Wilaya apate maelekezo kabla ya kufungasha. Na mwananchi akiuziwa unga unaotangazwa kwamba hutibu magonjwa ya kuku, autoe taarifa katika ofisi ya kata, akiwa na kifungashio chake.